Mvua zinaponyima: wakulima wa kusini mwa Jamaika na nyasi zao

Nikiongea na watu wa nyumbani, wengi wanadhani Jamaika yote ni kijani na mvua haikauki. Huko ni Portland, kaskazini-mashariki, ambako upepo wa baharini hupanda milima ya Blue Mountains na kumwaga maji. Zipo sehemu zinazopata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Mimi naishi St. Elizabeth, kusini, nyuma ya milima. Mawingu hufika huku yameshajimaliza. Aliyekulia Same, kule Kilimanjaro, Tanzania, kama mimi anaelewa bila maelezo.

Lakini huku huku ndiko ghala la chakula la nchi. Mvua huja Mei na Juni, jua hukatiza Julai, kisha zinarudi Septemba hadi Novemba, Oktoba ndiyo kilele. Desemba mpaka Machi ni kukavu. Ile Julai ndiyo inayotesa, maana huikuta miche ikiwa bado michanga.

Sasa tazameni wakulima wa huku wanavyoishi nayo. Hukata majani marefu ya Guinea, ambayo asili yake ni Afrika, wakayatandaza shambani mpaka udongo mwekundu usionekane, halafu hupanda vitunguu vya majani na matikiti humo humo. Mchana wa jua kali niliyafunua kwa jirani: ya juu yanavunjika mkononi, chini udongo umepoa, ukiufinyanga unashikana. Kwetu majani kama hayo tunayapiga kiberiti tukiita kusafisha shamba, na hilo linaniuma.

Si kwamba yanamaliza kila shida. El Niño, ambayo nyumbani mara nyingi huzidisha vuli, huku hukausha. Mwaka 2015 ukame ulibana visiwa vingi vya Karibi. Na mvua ikija na kimbunga haisaidii mtu. Beryl ilipita Julai 2024, na Melissa ikapiga tarehe 28 Oktoba 2025, ikiwa ya daraja la 5, ndani ya mwezi wa mvua wenyewe. Baada ya dhoruba kama hizo hutangulizwa mboga za haraka: matango, na mchicha ambao wenyewe huuita callaloo.

Ndugu zangu wa Same na Mwanga, msimu huu tengeni hata robo eka msiichome. Tandazeni majani mvua zikiwa bado zinanyesha, udongo ukiwa na maji. Ukishakauka mmechelewa.