Nilivyoacha kuparuza pua ya gari kwenye mwinuko wa getini

Sauti ya plastiki ikisagika juu ya zege hukaa masikioni. Unashuka, unapiga magoti, unapitisha kidole chini ya mdomo wa bampa na kukuta mikwaruzo mipya, mingine imeacha ncha kali kama meno ya msumeno. Miezi miwili ya kwanza tangu ninunue gari langu la spoti niliisikia karibu kila jioni. Ni gari la milango miwili, limelala chini, nami nalipenda kwa dhati. Ila njia ya kuingilia nyumbani inapanda ghafla kutoka barabarani.

Kwa muda mrefu niliamini dawa ni kwenda polepole. Mwendo wa kobe hupunguza kishindo, hilo ni kweli, lakini pembe inabaki ileile, na pua iliendelea kugusa palepale.

Jumamosi moja nikachukua tepu na pima maji. Kutoka pale tairi la mbele linapokanyaga ardhi hadi ncha ya bampa nikapata sentimita 90. Kutoka ardhini hadi mdomo wa bampa, sentimita 12. Maana yake ni kwamba ardhi ikipanda zaidi ya sentimita 13 hivi katika kila mita, bampa litagusa kabla tairi halijaanza kupanda. Kisha nikaegemeza ncha ya ubao ulionyooka wa mita moja kwenye zege, nikausawazisha kwa pima maji, nikapima pengo la upande wa pili: sentimita 18. Kumbe gari lile halikuwa na namna ya kupita likiingia moja kwa moja, hata angekaa nani kwenye usukani.

Wengi hushauri uingie kwa rivasi. Nilijaribu. Nyuma ilipita vizuri, lakini tairi za mbele zilipofika mguuni mwa mwinuko, gari likiwa limeinamia barabarani, pua ikasugua lami. Ukitafakari utaona sababu: pembe kati ya barabara na mwinuko ni moja tu, uingie kwa uso au kwa kisogo.

Kilichonisaidia ni kukata mshazari. Mpanda mlima mwenye mzigo hapandi wima, huzungukazunguka ili ukali wa mlima upungue, na gari nalo ni hivyohivyo. Nikiingia kwa nyuzi 45, zile sentimita 18 kwa mita zinakuwa chini kidogo ya 13. Halafu pembe za bampa zimepinda kurudi nyuma, kwa hiyo upande unaotangulia tairi linawahi kukanyaga zege na kuinua pua kabla katikati ya bampa hapajafika.

Siku ya kwanza nilikata kidogo mno, labda nyuzi 30, na nikagusa tena. Hesabu inaonyesha kwa nini: kwa nyuzi 30 mwinuko wangu bado ni zaidi ya sentimita 15 kwa mita. Nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Wanapinda kidogo kwa woga, wanasikia mkwaruzo, wanasema mshazari haufai.

Mara ya pili nikabandika donge la plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, chini ya mdomo wa bampa, mdogo wangu akachuchumaa pembeni na tochi. Nikawasha indiketa, nikangoja barabara iwe tupu pande zote mbili, kwa sababu ukikata hivyo unaziba njia, nikatanua hadi upande wa mbali, kisha nikaelekeza tairi moja kwenye zege.

"Twende, kaka, twende… bado… twende! Imepita!"

Lile donge lilikuwa limebanwa likabaki na unene wa milimita 6. Nafasi finyu, lakini ilinitosha.

Mguu ndio wenye siri kubwa. Breki hubonyeza pua chini, basi naiachia kabla tairi halijagusa mwinuko, napanda kwa gesi nyepesi, mwendo wa mtu anayetembea. Sisimami katikati, maana gari likiwa limejipinda hivyo tairi moja la nyuma huwa jepesi na linaweza kuzunguka bure. Usukani naunyoosha tairi zote za nyuma zikishapanda. Nikiwahi, eksozi ndiyo inayogusa.

Juu, mwinuko unapokutana na uwanja tambarare, hatari inahamia tumboni, katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Hapo uzito unaonekana. Nikiwa na abiria na buti limejaa, springi zinalala, kwa hiyo humwomba abiria ashuke getini.

Kuna siku gari la mtu limeegeshwa mbele ya geti na siwezi kutanua. Kwa siku hizo nimechonga vipande viwili vya ubao, unene sentimita 4, ncha zimelazwa kwa randa ili tairi lipande bila kugonga. Naviweka mguuni mwa mwinuko, vikianzia barabarani na kupanda juu ya zege. Tairi linakuwa limeshainuka kabla bampa halijagusa zege, nami napita moja kwa moja. Magari kama Porsche 911 huweza kununuliwa yakiwa na mfumo wa kuinua pua kwa takriban milimita 40, yaani kimo kilekile cha ubao wangu. Nikishapita naviondoa papo hapo. Mwenye pikipiki anaweza kuvivaa gizani, na mvua ikinyesha vinaziba maji.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, kwa sababu ya mazoea. Ukiteremka unataka kufunga breki pale chini kabisa uangalie magari, na ndipo pua inapoinama kupita kiasi. Mimi husimama juu zaidi, bado ndani ya geti, mahali ninapoona barabara. Njia ikiwa nyeupe naachia breki, nateremka kwa mshazari uleule, na siigusi tena mpaka tairi za mbele ziwe barabarani.

Nikifika mahali nisipopajua, nashuka kwanza na kutazama. Ardhi ikipanda zaidi ya shibiri moja kwa hatua moja ndefu, siingii hata kwa mshazari. Naegesha mahali salama nje na kumalizia kwa miguu.