Wamunyu na Zaburi ya 103

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, niliwaomba watoto wa mafundisho hapa Bagamoyo wabuni kiumbe ambaye Mungu angeweza kumuumba lakini hakumuumba. Nilitegemea simba wenye mabawa, na kweli nikawapata wanne. Msichana mmoja, ambaye nyumbani kwao wanaishi kwa kazi ya mashamba ya chumvi, alituletea Wamunyu, jina alilolitoa katika neno ambalo bibi yake huitia chumvi.

Wamunyu ni weupe, kimo chao hakizidi goti la mtu mzima, na miili yao ni chembe za pembe nne zinazometa juani. Huzaliwa pale maji ya bamvua yanapofungiwa mabwawani, kisha jua la kiangazi likayakausha hadi chumvi ikaganda. Hawakimbii, kwa sababu anayejikwaa humeguka kidole, wala hawalii, kwa kuwa chozi huchimba mfereji shavuni. (Hili la chozi lilinichoma, nikajifanya natafuta chaki.) Masika yanapoingia, wanaowahi hujibanza bandani chini ya makuti, na wanaochelewa huyeyuka na kurudi baharini.

Mwenzake akamuuliza kama walioyeyuka hurudi tena.

“Wanarudi, ila hawakumbuki majina yao. Wale wa bandani ndio wanaowaambia.”

Nilikaribia kulidaka jibu hilo na kuligeuza fundisho la ufufuko, maana sisi walimu tuna haraka hiyo, lakini neno la kukumbuka ndilo lililobaki nami juma zima. Zaburi ya 103, aya ya 14, yasema: “Kwa maana Yeye anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi.” Kwa miaka mingi niliisoma aya hii kama karipio, kana kwamba Mungu anatukumbusha tusijivune, ilhali anayekumbuka humo ni Yeye, na aya iliyotangulia inamfananisha na baba anayewahurumia watoto wake. Udhaifu wa umbo letu, ambao sisi huuficha hata kwa majirani, kwake ndiyo sababu ya huruma.

Jumatano nilipita kwenye makaburi ya misheni, wanakolala wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni hii mwaka 1868, na ambao wengi wao homa iliwachukua wangali vijana. Majina yao tunaweza kuyasoma. Lakini watumwa waliofikishwa katika mji huu kwa misafara kutoka bara, wakavushwa kwa majahazi, wengi wao hakuna anayeweza leo kuwataja, kwa sababu waliowafahamu nao wamekufa. Hapo ndipo nilipoona shida ya banda la Wamunyu: wanaotunza majina nao ni chumvi, na masika moja yenye upepo wa kung’oa makuti yatosha kuyapoteza yote.

Jumamosi nilimweleza mtoto shida hiyo, nikamsomea Isaya 43:1, “nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu.” Akafikiri kidogo, akauliza, “Mwalimu, naweza kumwongeza mmoja asiyeyeyuka?” Nikamwambia aongeze. Nilidhani atamweka bandani, pamoja na wale wanaotunza majina. Alimchora nje, mvuani, ameinama juu ya maji.