Nilivyojitengenezea zana za kuchongea kwa tupa ya zamani na bisibisi mbovu

Mi nachonga kwa kujifurahisha tu, sio fundi, natengeneza vijiko vya mbao na vindege vidogo vya kuweka mezani. Zana nilizoanza nazo zilikua seti ya bei chee, visu kumi na mbili kwenye kiboksi, na ndani ya wiki mbili vyote vilikua butu, yaani unanoa asubuhi, ukikata mara ishirini tu kwenye mbao ngumu makali yashakunjika, ukikiweka kisu kwenye mwanga unaona mstari mweupe unang'aa pale kwenye makali ambapo hapatakiwi kuonekana kitu kabisa.

Sasa siku moja natafuta plaisi kwenye lile sanduku la vyuma vya nyumbani ambavyo hakuna anaevitumia, nikakuta tupa mbili zilizokwisha meno, bisibisi bapa iliyopinda ncha, msumeno wa mbao uliopata kutu, kisu cha mezani na mwavuli uliovunjika. Nikajiambia hivi vyote ni vyuma, nashindwaje kupata hata zana moja hapa? Kumbe swali lenyewe lilikua hilo hilo, kipi ni chuma cha kushika makali na kipi ni chuma tu.

Nikaanza na kisu cha mezani kwa sababu tayari kina umbo la kisu. Nikakisaga vizuri, nikakinoa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono, nikafurahi, nikakata mbao mara tatu kikawa butu. Ni stenlesi laini, visu vingi vya mezani viko hivo, hata ukikichoma vipi hakikazi, yaani hakiwi kigumu. Baadae ndo nikajua kupima kwa cheche. Ukigusisha tupa kwenye grinda zinatoka cheche nyingi zinazopasuka pasuka kama fataki, chuma laini cha kawaida kinatoa mistari mirefu yenye mipasuko michache, na kile kisu cha mezani kilitoa vicheche vifupi vyekundu vya uvivu. Ningepima kwanza ningeokoa jumamosi nzima.

Nikahamia kwenye tupa. Tupa nzuri ina kaboni nyingi, kama asilimia 1 au zaidi kidogo, na hiyo kaboni ndo inafanya chuma kikubali kukazwa kwa kuchomwa na kupozwa ghafla. Shida ni kwamba ishakazwa tayari, ngumu kama kioo na inavunjika kama kioo. Mi sikujua, nikaibana kwenye vaisi nikawasha grinda nikaanza kuisaga hivo hivo, dakika tano ncha ikageuka bluu. Bluu maana yake joto limefika kama digrii 300 na ugumu umeshuka pale, hata ukinoa mpaka kesho hapashiki makali. Nikaendelea kwa ubishi mpaka jiwe la grinda likaisha nusu.

Kumbe unatakiwa uilainishe kwanza. Nilichukua karai la bati, nikaweka mchanga chini, mkaa juu, na mashine ya kukaushia nywele nikaifunga kwenye kipande cha bomba la chuma ili ipulize kutoka chini, huo ndo mvukuto wangu mpaka leo. Unachoma tupa mpaka iwe nyekundu na sumaku ikatae kuishika (hapo uko kama digrii 770), halafu unaifukia kwenye majivu makavu unaiacha usiku kucha ipoe taratibu. Asubuhi nikaitoa, nikapitisha tupa nyingine yenye meno juu yake ikala kama siagi. Nilicheka peke yangu, manake jana yake nilikua nimepigana na kitu hicho hicho masaa matatu.

Nikaikata umbo la kisu kifupi, makali sentimita nne hivi, na ule mkia wa tupa wa kuingia kwenye mpini nikauacha kama ulivyo. Hakikisha umesaga yale meno yote, hata vile vimistari vidogo, kwa sababu ufa unapenda kuanzia kwenye mfereji. Mi nilibakisha vichache nikaona vinapendeza, afu kosa la pili nikazamisha kwenye maji. Chuma chekundu ndani ya ndoo ya maji baridi, ikalia "ti!", sauti ndogo tu kama glasi iliyoguswa na kijiko. Nikatoa, naangalia, ufa umeanza kwenye kimfereji kimoja umevuka mpaka upande wa pili. Kazi ya siku mbili.

Ila sikukitupa, nilikibana kwenye vaisi nikakipiga nyundo kivunjike ili nione ndani. Pale kilipovunjika palikua na chembe kubwa zinazometameta kama sukari, maana yake nilikichoma kupita kiasi pia. Kikichomwa sawasawa ndani panakua pa kijivu, laini kama majivu.

Tupa ya pili ndo nikaenda nayo kwa adabu. Meno yote nimesaga, nimepiga msasa, na makali sikuyamaliza, nimeacha unene kama wa sarafu nyembamba kwa sababu yakiwa membamba sana yanapinda au yanapasuka kwenye moto. Mafuta nilitumia ya kupikia ndani ya kopo refu la chuma lenye mfuniko, sio plastiki jamani, na nikayapasha kwanza mpaka kama digrii 50. Watu wanashangaa hapo, unapashaje kitu cha kupoozea? Mafuta ya vuguvugu ni mepesi, yanazunguka haraka kwenye chuma na kutoa joto vizuri kuliko ya baridi mazito. Usitumie oil chafu ya gari, moshi wake ni sumu tupu. Na mfuniko uwe karibu manake moto unaruka juu ya kopo, ukitokea unafunika, maji usiyasogeze kabisa hapo.

Nilisubiri giza liingie ndo nikachoma, kwa sababu juani rangi ya chuma inakudanganya, unaona bado kumbe ishapita. Sumaku ikaacha kushika, nikasubiri kidogo tena. Kuna ujanja wa chumvi nao niliutumia, unanyunyizia chembe za chumvi ya kawaida kwenye chuma, inayeyuka kwenye digrii 801, kwahiyo ikiyeyuka tu na kung'aa kama maji umeshafika. Nikazamisha ncha chini wima, napandisha na kushusha bila kuyumbisha pembeni, ukiyumbisha kinapinda. Hakikulia. Kilipopoa nikapitisha tupa nzima juu yake ikateleza kama inapita kwenye kioo, haishiki kabisa, hapo ukajua kimekaza.

Lakini hapo bado hakifai, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kinatakiwa kilegezwe kidogo, na usikilaze mpaka kesho, fanya siku hiyo hiyo. Nikakisugua msasa mpaka cheupe, nikakiweka kwenye oveni digrii 200 saa moja, nikatoa kikapoa, nikarudisha saa moja tena. Kilitoka na rangi ya majani makavu, ile njano hafifu, na hiyo ndo rangi unayoitaka kwa kisu cha kuchongea. Ikifika kahawia bado utaishi nayo, ikifika zambarau na bluu umeshapata springi sio kisu. Oveni yetu kipimo chake ni muongo kwahiyo niliweka kipande kingine cha chuma kilichosuguliwa nikawa nachungulia rangi yake kila baada ya muda.

Bisibisi ilikua rahisi mpaka nikajilaumu kwanini sikuanza nayo. Sikuichoma kabisa, nilisaga ncha tu iwe patasi bapa ya upana wa milimita 8, naishika kwa vidole vitupu bila glovu ili nisikie joto, ikianza kuchoma vidole naichovya kwenye maji. Ukiisikia inakuchoma bado iko mbali sana na joto la kuiharibu, kwahiyo vidole ndo kipimo. Mpini inao tayari, unapigwa nyundo hauumii. Haishiki makali muda mrefu kama tupa, kaboni yake ni ndogo, lakini kwa kuondoa mbao nyingi haraka ndo ninayoichukua kwanza.

Bisibisi nyingine nilitaka iwe patasi ya mdomo uliopinda, hiyo lazima uichome uigonge. Pale nilisaga kwanza ile kromu inayong'aa kwa juu maana sio kitu cha kuvuta kwenye mapafu, na kama chuma chako kimepakwa zinki ndo usikiweke motoni kabisa, ule moshi mweupe unakupa homa ya kweli. Nilibana nondo mbili fupi kwenye vaisi zikalala sambamba na katikati pakawa na bonde, nikaweka ncha nyekundu iliyopondwa bapa juu ya bonde, juu yake nondo ya tatu, nyundo mara mbili ikapata umbo. Halafu mafuta na oveni kama kawaida. Upande mmoja iko juu kidogo kuliko mwingine ila inakata.

Msumeno ulinipa kisu cha kuchimbia vijiko, kile kilichopinda kama ndoana. Nilikata kipande chembamba kwa grinda, nikakipinda kikiwa chekundu kuzunguka bomba, maana kikiwa baridi kinarudi kilivyokua au kinakatika. Kunoa ndani ya mpindo ndo mtihani, jiwe haliingii, nikazungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo, namba 400, 800, mpaka 2000.

Kunoa kwenyewe nitapita haraka. Visu bapa nanoa juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo, nyuzi 20 hivi kila upande, mpaka nikipapasa nisikie kile kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, nageuza, nikimaliza nasugua kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia vyuma. Huo mkanda usiudharau, siku nyingi sirudi kwenye msasa kabisa, nasugua mara kumi naendelea na kazi.

Mipini nimetengeneza kwa matawi makavu. Natoboa shimo dogo kuliko mkia, nauchoma mkia mpaka uwe mwekundu huku makali nimeyazungushia kitambaa kilicholowa maji yasipate joto, nausukuma ndani unajichimbia wenyewe, nautoa, ukipoa nautia na gundi ya epoksi. Shingoni naweka pete ya bomba la shaba mpini usipasuke.

Mwavuli nao umefanya kazi. Ile mbavu yake yenye umbo la U, ukisaga ncha kwa mshazari na kuinoa kwa nje unapata kipatasi cha milimita 3 hivi ambacho sijawahi kukiona kwenye seti yoyote. Nachorea manyoya ya vindege. Kinapinda nikikilazimisha, ila mbavu zipo saba zimebaki.

Na kile kisu cha mezani nilikipa mpini mzuri kuliko vyote, wakati huo nilikua bado najifunza mipini, saivi kinafungulia makopo ya rangi.