Bega linauma, kumbe ni tumbo

Mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo haisemi mimba imekaa wapi. Mimba nyingi za nje ya kizazi hutunga kwenye mrija wa uzazi, nao hautanuki kama mfuko wa uzazi. Unaweza kupasuka mapema, hata kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Tumbo huuma upande mmoja, matone ya damu hutoka, kizunguzungu. Kinachopotosha ni bega: damu iliyomwagikia tumboni huchokoza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu yakajitokeza begani. Watu wakapaka dawa ya misuli! Ukeni damu huwa kidogo, ndani imejaa.

Walio vijiji vya Ziwa Tanganyika wasingoje boti ya kesho. Mlazeni mgonjwa, asile wala kunywa, afikishwe Kigoma mjini kwenye upasuaji, pamoja na ndugu wa kuchangia damu.