Nilivyoionja stauti ya pipa la bourbon hapa Chicago, taratibu mpaka ikafunguka

Sisi tuliozoea Guinness na Castle Milk Stout za nyumbani, zile zinatoka kwenye friji zinatoa jasho, hii Bourbon County Stout ya kiwanda cha Goose Island, yaani bia nyeusi nzito iliyokaa kwenye pipa lililotumika kwa bourbon, ile wiski ya Kimarekani, inataka utulivu mwingine kabisa na mi nilitaka niionje kwa haki yake, siyo nimeze tu niseme nimekunywa. Naishi Chicago na ndo inakotengenezwa, wanaitoa kila mwaka ile Ijumaa baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru mwezi wa Novemba, na kuna watu wanapanga foleni kwenye baridi kwa ajili yake. Foleni sikupanga, nilipata chupa mbili baadae kwenye duka la pombe la mtaani, nusu lita kila moja, na bei yake asikwambie mtu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni hesabu ya kilevi. Inabadilika mwaka hadi mwaka ila inazunguka asilimia 14 hivi, kwahiyo nusu lita moja ina karibu mililita 70 za kilevi chenyewe, wakati bia ya kawaida ya asilimia 5 ya ujazo huohuo ina 25. Yaani chupa moja ni karibu bia tatu! Nikasema hii sinywi peke yangu, nikamwita kaka mmoja wa Moshi tunayeishi nae mtaa mmoja, na mke wangu akasema na yeye ataonja kidogo. Bia ya hivi ni ya watu watatu wanne, kila mtu kidogo kidogo, na hiyo naisema kwa msisitizo kabisa.

Kwanini ipo hivi, inabidi uanzie kwenye pipa. Sheria ya Marekani inasema wiski ikiitwa bourbon lazima ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikafanya mkaa. Kipya, kwahiyo pipa likishatumika mara moja huyo mtengeneza bourbon hawezi kulirudia kwa bourbon nyingine, ndo maana mapipa yaliyotumika yanakuwa mengi sana na yanauzwa, mengine yanaenda mpaka Scotland kwenye wiski zao na mengine yanachukuliwa na watu wa bia. Pipa moja linaingia kama lita 200. Goose Island ilianzishwa na John Hall mwaka 1988, na stori inayosimuliwa ni kwamba mwanae Greg Hall, ambae ndo alikuwa anapika bia pale, alikutana na Booker Noe wa Jim Beam, watengeneza bourbon, kwenye chakula cha jioni, akapata mapipa sita akayajaza stauti nzito, hiyo ni miaka ya 90. Bia inakaa humo miezi mingi, joto likipanda inaingia ndani ya mbao, likishuka inatoka, na kila ikitoka inabeba kitu.

Sasa kuonja kwenyewe. Niliitoa kwenye friji mapema nikaiacha mezani, nina kile kipimajoto cha nyama nikawa natumbukiza kwenye glasi. Glasi nilichukua zile za brandi, zenye tumbo na mdomo uliobana, zinakusanya harufu. Nikamimina vidole viwili tu kila mtu. Nyeusi tii, ukiinua kwenye taa mwanga haupiti, na hiyo rangi ni ya shayiri iliyokaangwa sana kama unavyokaanga buni. Povu lake la kahawia lilikuja kidogo likapotea haraka, usishangae, kilevi kingi na gesi ndogo ndo matokeo yake.

Kwenye nyuzi 7 au 8 hivi ilikuwa imefunga. Utamu upo, uchungu wa kahawa upo, halafu moto wa wiski kooni, basi. Kaka akasema, "Mdogo wangu, hii mbona inaniunguza tu?" Nikamwambia kaka subiri, iache, shika glasi kwa kiganja tuendelee na stori. Tukaongea mambo ya nyumbani pale, kipimo kikafika 13 nikanusa tena, jamani!! Vanila imejaa pua nzima, chokoleti chungu, sukari guru kabisa ile ya kumenya na kisu, na ule moto umekaa nyuma badala ya mbele. Mke wangu ni mtu wa Tanga, akanusa akaniangalia, "Hivi hii wameweka nazi?" Hawajaweka. Mwaloni wa Marekani una mafuta yake ya asili yanayonukia nazi, na ule uchomaji wa pipa unatoa vanila, kwahiyo yeye alikuwa ananusa mbao yenyewe. Nilifurahi sana maana mi ile nazi nilikuwa naihisi ila nilikuwa sijaipata jina. Akaenda kuleta kashata, na nakwambia kashata ya nazi na tone la hii bia ni kitu cha kujaribu, imeshinda chokoleti niliyokuwa nimeandaa.

Kaka wa Moshi amekulia kwenye mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kwahiyo yeye alikuwa anatafuta uchachu. Haupo, na haitakiwi uwepo. Mbege uchachu ni sifa yake, ila stauti ya pipa ukikuta imechacha jua kuna bakteria waliingia, na mapipa ni mbao, hayasafishiki kama chuma. Hiyo ndo kazi kubwa ya wapishi wa bia za namna hii.

Halafu kaka akatoa ya kwake, chupa ya miaka kadhaa aliyoihifadhi besimenti. Tukaweka glasi pembeni kwa pembeni. Ya zamani ilikuwa laini mno, moto hakuna, imegeuka tende na zabibu, na mwishoni kuna kachumvi kama soya sosi, hapo ndo unajua hewa imeshaanza kazi. Yeye aliipenda zaidi, na watu wengi wanaotunza chupa watakuwa upande wake. Mi hapana. Ile nazi na vanila zilikuwa zimefifia, na mimi nililipia pipa. Chupa yangu ya pili ipo kabatini imesimama wima, gizani, mbali na jiko, na nitaifungua kabla hazijatoka za mwaka huu.