Ribiti inaweza kuwa nzima na bati likachanika

Wengi wakipiga hesabu ya ribiti, ile pini inayobana mabati pamoja, wanaangalia kama itakatika tu, wakati bati lenyewe linaweza kuchanika kwenye mstari wa matundu. Chukua ribiti ya kipenyo cha milimita 20, eneo lake milimita 314 za mraba, ibebeshe kilonewton 30, msongo (nguvu ukigawa kwa eneo) unakuja kama megapaskali 95, na kama chuma chake kinakatika kwenye megapaskali 380 una akiba ya mara nne, safi kabisa. Ila hesabu hiyo haioni uchovu wa chuma, yaani nyufa zinazoletwa na mzigo unaojirudia, jamani! Ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha, Hawaii 1988, gundi ya maungio iliachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti, nyufa zikaanzia kingo za matundu zikakua safari baada ya safari mpaka paa likang'oka angani, mhudumu mmoja akafariki, na kwa kweli inaniuma.