Nilidai mabegi yangu yarudishwe, ndipo nikamjua mteja wangu

Kila ninayemweleza kwamba mabegi yangu siku hizi yanatoka kwa oda, huuliza nilitangaza wapi. Sikutangaza popote. Nilipita nikiwadai watu wanirudishie mali yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Begi lenyewe nililibuni kwa ajili ya watu wa ofisini: turubai nene, kitako kigumu kinachosimama chenyewe, na vijifuko tele ndani vya kalamu, chaja na simu. Hakuna aliyelisema vibaya. "Zuri sana! Yakiwa tayari niambie." Yalipokuwa tayari, wale wale wakaanza: ngoja mwisho wa mwezi, nitakutafuta, nililonalo bado zima.

Hapo washauri wakajitokeza. Mmoja anayejiita mtaalamu wa masoko alisema tatizo ni bei. Nikashusha. Waliokuwa wakisifia begi wakasifia na bei, na begi likabaki kwangu. Akasema basi watu hawalijui, nilipie matangazo. Nikamuuliza: wale waliolishika, wakafungua zipu na kuzifunga, mbona hawakununua? Akanijibu eti soko linahitaji kuelimishwa. Kuelimishwa nini? Mwenye shida huijua shida yake. Ford walilitangaza mno gari lao la Edsel mwaka 1957, na mwishoni mwa 1959 wakaacha kulitengeneza.

Kilichonifungua akili ni habari ya vile vikaratasi vya kunata, Post-it. Kampuni ya 3M iliviingiza sokoni mwaka 1977 katika miji minne ya Marekani, vikadoda. Mwaka uliofuata wakaenda Boise, mji mwingine wa huko huko, wakavigawa bure, na zaidi ya asilimia 90 ya waliovijaribu wakasema wangenunua. Sasa, karatasi utaigawa bure. Begi la turubai huwezi, hasa mimi niliyeng'ang'ania zipu za chuma, maana zipu pekee zilinila pesa kuliko kitambaa. Halafu hao wa "ningenunua" nilishawasikia vya kutosha. Kwa hiyo nikaazimisha. "Chukua utumie, nitalifuata." Nikawapa watu wa ofisini, walimu, wanafunzi, na fundi umeme aliyekuja kunirekebishia taa.

Kazi ikawa kuyafuata! Watu wa ofisini walinirudishia kwa moyo mweupe, na asante juu. Mmoja hakuwa ametoa hata karatasi nilizolijazia lisipoteze umbo. Mwalimu mmoja hakukumbuka alikoliweka. Nikafika kwa fundi umeme. Begi halitamaniki: koleo na testa zimejipanga kwenye vijifuko vya kalamu, waya umezungushwa pale pa chaja. Nikasema, fundi, nimefuata begi langu. Akanitazama. "Sasa vifaa vyangu niweke wapi?" Nikakaza uso, nikamwambia kuna mtu analisubiri, uongo mtupu. Akatoa pesa mfukoni kabla hajauliza bei, kisha akataka na la mwenzake, ila kitako kiwe cha mpira, kwa sababu kwenye nyumba zinazojengwa sakafu haikauki.

Tangu hapo sikumuuliza mtu tena kama amelipenda. Niliazimisha upya, safari hii kwa mafundi peke yao. Maseremala walirudisha, kwa sababu randa haiingii. Mafundi bomba nusu kwa nusu. Mafundi friji waligoma kabisa, mmoja akawa hapokei simu yangu mpaka nilipomtumia ujumbe kwamba nataka kumuuzia, si kumnyang'anya.

Wanaoniambia nilibahatisha nawakumbusha M-Pesa. Majaribio yake nchini Kenya yalikuwa ya kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na ilipozinduliwa mwaka 2007 ilizinduliwa kwa kazi hiyo waliyoichagua wao.

Sasa sikati kitambaa kabla ya kupokea nusu ya malipo. Anayesema atalipa likiwa tayari namshukuru, lakini kwenye daftari haingii. Mtaalamu wangu bado anashikilia kwamba ningeuza zaidi nikiongeza rangi za kuvutia. Nilimwonyesha fundi friji mmoja vipande vya rangi hizo, naye akauliza ipi inaficha grisi.